Unga wa mawe ya fosfeti kwenye mahindi: je, kosa ni la mawe au ni langu?

Mkulima wa Manafwa

Ndugu zangu wakulima na wataalamu, naomba msaada wenu katika jambo lililonisumbua tangu mavuno ya msimu uliopita.

Nalima ekari tatu upande wa Manafwa, mashariki mwa Uganda, chini ya miteremko ya Mlima Elgon. Udongo wetu ni mwekundu, mzito kidogo, na kama wengi wa huku nachanganya mahindi na maharage, nikiwa pia na migomba na kahawa karibu na nyumba. Msimu wa kwanza wa mwaka huu bei ya DAP, ile mbolea ya kiwandani ya kupandia, ilinishinda, nikaamua kununua kwa mchuuzi mmoja mifuko miwili ya kilo hamsini ya unga wa mawe ya fosfeti, ambao alisema ulitokana na mawe ya Busumbu. Niliona fahari kutumia kitu cha kwetu, kwa maana Busumbu si mbali na ninapoishi, na tangu utotoni tumesikia kwamba kilima kile kimejaa mbolea.

Niliweka mfuko mmoja kwa kila ekari katika ekari mbili, kiasi kidogo kwa kila shimo, nikafunika na udongo kidogo na kupanda juu yake, yaani kama tunavyofanya kwa DAP. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwaga chokaa ya kilimo shamba zima, kwa sababu nilishauriwa kwamba udongo wa huku una tindikali nyingi. Ekari ya tatu haikupata unga wa mawe.

Matokeo yalinivunja moyo. Katika wiki ya tatu miche mingi ilikuwa na rangi ya zambarau pembeni mwa majani. Baadaye zambarau ilipungua, lakini majani ya chini yakaanza kuwa ya manjano kuanzia nchani, manjano ikiingia ndani kufuata mshipa wa katikati. Kati ya ekari zilizopata unga na ile isiyopata sikuona tofauti yoyote ambayo ningeweza kuiapia. Jirani yangu aliyetumia DAP alikuwa na mahindi ya kijani kilichoiva, na mavuno yake yalikaribia mara mbili ya yangu.

Ninauliza: je, mawe haya ni mbolea kweli au tunauziwa vumbi? Na kama ni mbolea, ni wapi nilipokosea?

Mwalimu wa Udongo

Ndugu Mkulima, umelieleza jambo lako vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa umetaja rangi za majani na umeacha ekari moja bila kitu. Wengi hawafanyi hivyo, kisha wanatuuliza tukisie.

Nianze na rangi. Zambarau kwenye miche ya mahindi kwa kawaida huonyesha upungufu wa fosforasi, ingawa baridi nayo inaweza kuileta kwa muda, na huko mlimani baridi ipo. Manjano inayoanzia kwenye ncha za majani ya chini na kuingia katikati ni ishara ya mmea wenye njaa ya naitrojeni. Hiyo ni njaa nyingine kabisa, na mawe ya fosfeti hayana naitrojeni ya kuitibu. DAP ina kilo 18 za naitrojeni katika kila kilo 100, pamoja na kilo 46 za fosfeti kwa hesabu ya viwandani, ambayo huandikwa P2O5. Kwa hiyo mfuko wa jirani yako wa kilo hamsini ulimpa naitrojeni kilo tisa ambazo wewe hukuzipata kutoka popote. Umelinganisha ng'ombe mmoja wa plau na jozi nzima. Hata kama mawe yako yangeyeyuka yote siku ya kwanza, bado shamba la jirani lingekuwa la kijani kuliko lako.

Sasa tuje kwenye mawe yenyewe. Fosforasi iliyomo haiko huru. Imefungwa ndani ya fuwele za madini yaitwayo apataiti, pamoja na kalsiamu na florini. Mizizi hainyonyi apataiti. Inanyonya fosforasi iliyokwisha kuyeyuka katika maji ya udongo, na ili fuwele hizo ziyeyuke ni lazima zishambuliwe na tindikali. Hapo ndipo asili ya mawe inapokuwa na maana kuliko jina lililoandikwa kwenye mfuko. Mawe ya Minjingu nchini Tanzania, karibu na Ziwa Manyara, yalitokana na mashapo ya ziwa la kale, pamoja na vinyesi na mifupa ya ndege wa majini waliokuwa wakikusanyika hapo kwa wingi. Katika fuwele zake, sehemu ya fosfeti imechukuliwa nafasi na kaboneti, jambo linalozifanya ziwe dhaifu na rahisi kuvunjika. Mawe ya Busumbu na ya vilima vya Sukulu karibu na Tororo yana asili nyingine: hayo ni mabaki ya mizizi ya volkano za zamani sana, na apataiti yake iliganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, ikiwa imeshikana barabara na kuchanganyika na chuma kingi. Ukiyasaga na kuyamwaga shambani bila kuyafanyia kitu kingine, yanayeyuka polepole mno. Kwa hiyo uliuziwa fosforasi ya kweli, ila imo ndani ya kufuli ambayo mahindi ya miezi minne hayawezi kuifungua.

Kosa la pili ni la chokaa, na naomba usijilaumu, kwa sababu ushauri uliopewa ni sahihi kwa mtu anayetumia mbolea ya kiwandani. Unga wa mawe hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo ambao pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka tindikali imezidi, iko chini ya 5.5, na wenye kalsiamu kidogo. Chokaa inaharibu mambo yote mawili kwa pamoja: inapandisha pH na inaongeza kalsiamu, ile ile ambayo apataiti ingeitoa wakati wa kuyeyuka. Chokaa yako ilikwisha kuila tindikali ambayo ndiyo ilitakiwa iyale mawe. Majivu ya jikoni nayo hufanya hivyo hivyo, kwa wale wanaopenda kuyachanganya kila mahali.

Kosa la tatu ni shimo. Fosforasi haitembei udongoni. Kutoka pale ulipoiweka inasogea milimita chache tu. Ndiyo maana DAP au TSP, mbolea nyingine ya kiwandani yenye fosforasi bila naitrojeni, huwekwa karibu na mbegu, tena kwa kurundikwa, ili isigusane sana na chuma na aluminiamu ya udongo mwekundu, ambavyo huinasa na kuishikilia. Unga wa mawe unataka kinyume chake. Unataka kusambazwa shamba zima na kulimiwa ndani, ili kila punje izungukwe na udongo wenye tindikali. Ukiurundika kwenye shimo, punje za katikati zinazungukwa na punje wenzao, na kalsiamu wanayoitoa inawazuia wao wenyewe kuyeyuka. Unga huo pia uwe laini kama unga wa sembe. Ukiusugua kati ya vidole ukasikia mchanga, basi umelipia mchanga.

Swali langu kwako: umewahi kupima pH ya udongo wako, au uliambiwa tu kwamba una tindikali?

Kijana wa Mbale

Mwalimu, asante kwa somo. Mimi nina mawazo mawili. Kwanza, kama kinachohitajika ni tindikali, kwa nini mkulima asiloweke unga huo katika maji ya betri za magari? Ni tindikali hiyo hiyo wanayotumia viwandani. Pili, nimesikia kwamba ukiufukia unga katika shimo la samadi kwa miezi mitatu, unatoka ukiwa tayari kabisa.

Mwalimu wa Udongo

Kijana wangu, wazo la kwanza tafadhali liache leo hii, na kama kuna mtu umempa, mrudie umwambie aliache. Ni kweli kwamba mbolea ya superfosfeti hutengenezwa kwa asidi ya sulfuriki, na Mwingereza John Bennet Lawes alipata hataza ya njia hiyo tangu mwaka 1842. Lakini maji ya betri iliyotumika yana madini ya risasi, ambayo ni sumu itakayokaa katika udongo wako na kuingia katika chakula cha watoto wako, na asidi yenyewe inachoma ngozi na kupofusha macho. Kazi hiyo ina mitambo yake.

Wazo la pili lina ukweli ndani yake, lakini si ule unaodhaniwa. Samadi inayooza vizuri kwa kawaida haina tindikali kali. Mara nyingi pH yake inakaribia saba au kuzidi. Kwa hiyo mawe magumu kama ya Busumbu hayayeyuki sana humo, na hata ya Minjingu hayayeyuki yote. Faida inayoonekana shambani hutokana zaidi na samadi yenyewe: ina fosforasi yake, ina naitrojeni, na vitu vinavyotokana na kuoza kwake vinashika zile sehemu za chuma na aluminiamu ambazo zingeinasa fosforasi. Mtu anaona mahindi yamependeza, anayasifu mawe, kumbe aliyefanya kazi ni ng'ombe.

Mzee wa Osukuru

Nawasalimu wote. Mimi nimezeeka chini ya vilima vya Sukulu na ninapenda kuongeza jambo moja, kwa kuwa vijana wanazungumza kana kwamba mawe haya yamegunduliwa juzi.

Busumbu ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1940, na sehemu ya mawe yake ilisafirishwa hadi Turbo, huko Kenya, ambako yalichanganywa na magadi ya Ziwa Magadi na kuchomwa katika tanuri ili yawe mbolea. Kwa hiyo hata wakoloni, waliokuwa na haja kubwa ya mbolea ya bei nafuu kwa mashamba ya walowezi, walijua kwamba jiwe hili haliliwi bichi. Baadaye, katika miaka ya 1960, kiwanda cha hapa Tororo kikawa kinatengeneza superfosfeti kutoka kwenye udongo wa Sukulu, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipokufa pamoja na mambo mengine mengi ya nchi yetu. Mbolea ile niliitumia kwenye pamba. Ilikuwa ya kijivu, yenye harufu kidogo ya kuchoma pua, na pamba iliitika.

Mwaka 2018 Rais Museveni alizindua kiwanda kipya hapa Sukulu, cha kampuni kutoka Guangzhou, na mpango wake ulihusu mbolea pamoja na chuma. Sitaki kuingia katika mijadala ya kiwanda hicho. Ninachotaka mtu aone ni kwamba kila aliyewahi kuyageuza mawe haya kuwa mbolea aliyapitisha kwanza katika moto au katika asidi. Mchuuzi anayeyasaga na kuyatia katika mfuko ameiruka hatua ambayo wote waliomtangulia waliigharamia.

Pembejeo Malaba

Mzee wetu, pokea heshima zangu. Mimi nina duka la pembejeo hapa Malaba na wateja huniuliza swali hili kila msimu, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya mizani.

Udongo wa Sukulu jinsi ulivyo ardhini, kabla ya kusafishwa, una fosfeti ya kati ya asilimia 11 na 13. Chukua 12. Mfuko wa kilo hamsini una kilo sita za P2O5, ambazo ukizigeuza kuwa fosforasi halisi, kwa kuzidisha na 0.44, ni kilo mbili na nusu hivi. Mfuko wa TSP wa kilo hamsini, wenye asilimia 46, una kilo 23 za P2O5, yaani kilo kumi za fosforasi, na karibu yote iko tayari kwa mmea. Kwa hiyo unahitaji karibu mifuko minne ya udongo mbichi wa Sukulu ili kufikia mmoja wa TSP katika mizani tu, kabla hujauliza ni kiasi gani kitayeyuka. Lori halijali kama limebeba mbolea au mchanga; nauli ni ile ile. Mawe yakishasafishwa, asilimia hupanda na hesabu inabadilika, lakini mteja anapaswa kuuliza asilimia hiyo na kuiona imechapishwa kwenye mfuko. Kama muuzaji hawezi kuitaja, basi hajui anachouza, au anajua.

Minjingu ni habari tofauti. Ina fosfeti inayokaribia asilimia 29, na ile ya punje, ambayo haipeperuki, wateja wangu wanaipenda. Ila ndugu zangu wa udongo wa kichanga hapa Tororo, ambao haujachacha sana, huwaambia wabaki na TSP au DAP hata kama napata faida kidogo zaidi katika nyingine. Mteja ambaye mahindi yake yamegoma harudi dukani.

Ndugu Mkulima, jambo moja la kukufariji: tani moja ya punje za mahindi hubeba karibu kilo tatu za fosforasi na kuondoka nazo shambani. Miaka yote uliyovuna bila kurudisha kitu, shamba limekuwa likikukopesha. Mfuko mmoja kwa ekari, hata ungekuwa wa mawe mazuri, usingelipa deni hilo kwa msimu mmoja.

Chai Kyenjojo

Naomba nitoe ushuhuda wa upande wa magharibi, kwa sababu naona mawe yanahukumiwa kifo wakati yana mahali pake.

Nalima chai. Mchai ni mmea unaopenda udongo ambao mimea mingine inaukimbia. pH ya kati ya 4.5 na 5.5 ndiyo starehe yake, na mizizi yake yenyewe huongeza tindikali mahali ilipo. Mkulima wa chai hawezi kumwaga chokaa ovyo, kwa hiyo lile gomvi la chokaa na mawe kwetu halipo. Nilipopanda kipande kipya cha chai nilipata unga wa Minjingu, nikauchanganya na udongo wote wa mistari ya kupandia, wala sikuurundika. Miezi sita ya kwanza nilijuta. Mwaka wa pili mstari ule ulifunga matawi kabla ya mistari mingine, na hadi sasa sijaongeza fosforasi hapo, naongeza naitrojeni na potashi tu.

Nimejifunza kwamba mmea wa kudumu una subira ambayo mahindi hayana. Mmea wa mahindi unaitaka fosforasi katika wiki zake nne za kwanza, wakati mizizi ikiwa mifupi, na ukiikosa hapo huwezi kuufidia baadaye. Mchai, mkahawa au mti wa matunda unaweza kungoja mvua ya pili na ya tatu. Dada yangu aliye na kahawa Bushenyi ameanza kufanya vivyo hivyo kwenye mashimo ya miche mipya, akichanganya na udongo wote uliochimbwa, ingawa bado ni mapema kusema.

Nina swali kwa Mwalimu: ni kweli kwamba mimea ya jamii ya kunde inayafungua mawe haya kuliko mahindi?

Mwalimu wa Udongo

Dada, ni kweli, na ningependa nilieleze hili kwa utulivu kidogo kwa sababu ndilo lenye matumaini kwa mtu asiye na chai.

Mmea wa jamii ya kunde unaopata naitrojeni yake kutoka hewani, kwa msaada wa bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi, hunyonya kutoka udongoni kalsiamu na potashi nyingi kuliko unavyonyonya nitrati. Ili kusawazisha chaji za umeme ndani yake, unatoa tindikali kupitia mizizi. Kwa hiyo udongo unaogusana na mizizi ya soya, maharage au mukuna unakuwa na uchachu kuliko udongo wa hatua moja pembeni, na wakati huo huo mmea unaivuta ile kalsiamu ambayo ingezuia mawe kuyeyuka. Mahindi yanayolishwa nitrati hufanya kinyume: yanapunguza tindikali kando ya mizizi yake. Mbaazi nayo ina ujuzi wake wa pekee, kwani mizizi yake hutoa asidi zinazoweza kuipokonya fosforasi hata ile iliyonaswa na chuma.

Kutokana na hayo, mfuatano unaopendekezwa ni kuwapa unga wa mawe mimea ya kunde, si mahindi, kisha mahindi yafuate msimu unaokuja na kula mabaki. Masalia ya mkunde yaachwe shambani. Ukiyang'oa na kuyapeleka kwa mbuzi, umepeleka na fosforasi kwa mbuzi, na utalazimika kuifuata huko kwa toroli.

Kuna pia ile mimea yenye maua ya manjano inayoota kwenye mipaka ya mashamba, alizeti-pori, ambayo wataalamu huita tithonia. Majani yake mabichi yanaoza haraka na yana naitrojeni ya karibu asilimia tatu na nusu ya uzito mkavu, pamoja na potashi nyingi. Katika Kenya magharibi, ambako udongo unafanana na wetu wa mpakani, watafiti waliyatumia pamoja na unga wa Minjingu, majani yakileta naitrojeni na potashi, mawe yakileta fosforasi. Huko huko walijaribu pia kuweka akiba kubwa kwa mara moja, kilo 250 za fosforasi kwa hekta, ili ile mimea ya misimu kadhaa iile kidogo kidogo. Kwa Minjingu hiyo ni karibu tani mbili kwa hekta, au magunia kumi na sita ya kilo hamsini kwa ekari. Ndugu wa Malaba atatuambia nauli yake. Kwa upande mwingine, kulikuwa na kifurushi cha mkulima mdogo, chenye kilo mbili za Minjingu, gramu 200 za yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, na mbegu za kunde zenye dawa ya vinundu, yaani wale bakteria wa mizizi, kilichokusudiwa kiraka kimoja cha meta za mraba 25 pale shamba lilipochoka kupita kiasi. Mimi kati ya mawili hayo naliamini la kiraka, kwa sababu mtu anaweza kulimudu na akikosea amekosea padogo.

Mkulima wa Manafwa

Nawashukuru nyote, na nimerudi na habari. Nilichukua udongo kutoka sehemu mbalimbali za kila ekari, nikauchanganya kama mlivyoeleza katika mijadala mingine, nikaupeleka kupimwa. Zile ekari mbili na ile ya tatu zote zilipata chokaa, na pH yake ni 5.8 na 5.9. Kona moja ya chini, karibu na mtaro, ambayo chokaa haikufika kwa sababu iliisha, imesoma 5.1. Sasa nimeelewa maana ya Mwalimu aliposema kwamba tindikali ilikwisha kuliwa.

Lakini kuna jambo limenishangaza. Karatasi inaonyesha kwamba fosforasi inayopatikana kwa mmea katika ekari zilizopata unga ni nyingi zaidi kuliko katika ekari isiyopata, wakati mahindi hayakuonyesha hivyo. Je, maabara imekosea?

Na ninaomba ushauri wa mwisho: msimu wa pili unakaribia na mfukoni nina fedha za mfuko mmoja tu wa mbolea ya kiwandani. Nifanye nini?

Mwalimu wa Udongo

Maabara huenda haikukosea, haikuambiwa tu. Njia nyingi za kupima fosforasi hutumia kimiminika chenye tindikali, na kimiminika hicho kikikutana na punje za mawe ambazo hazijayeyuka kinaziyeyusha humo humo ndani ya chupa. Karatasi inahesabu fosforasi ambayo mzizi haukuwahi kuiona. Wakati mwingine ukipeleka udongo, andika juu ya mfuko kwamba shamba lilipata unga wa mawe, ili wachague njia isiyotumia tindikali.

Kuhusu fedha za mfuko mmoja, mimi nisingenunua DAP wala unga mwingine. Kwanza tafuta alizeti-pori mipakani na samadi uliyonayo, uvipeleke vyote kwenye ekari moja badala ya kuvitawanya kwenye tatu. Nunua mfuko wa TSP, uweke nusu yake katika ekari hiyo hiyo, kiasi kidogo kilicho sawa kwa kila shimo, udongo kidogo, kisha mbegu. Hapo pH ya 5.8 inakufaa sana, na chokaa yako, iliyoharibu kazi ya mawe, sasa inaisaidia TSP na inayasaidia maharage. Nusu iliyobaki itie katika ekari ya pili, lakini hapo panda maharage au soya bila mahindi, maana naitrojeni huna ya kuwapa wote. Ekari ya tatu ipumzike na mukuna au mbaazi. Najua ni vigumu kuiacha ardhi bila mahindi wakati nyumba ina watoto, na kama huwezi, basi fanya nusu ekari.

Ile kona ya 5.1 usiipe chokaa. Hapo ndipo mahali pa kuyapa mawe haki yao. Kama una unga uliobaki, gawanya kona hiyo katika vipande vinne vya ukubwa mmoja: kimoja kisipate kitu, cha pili kipate unga uliosambazwa na kulimiwa ndani, cha tatu kipate unga pamoja na alizeti-pori, na cha nne kipate alizeti-pori peke yake. Hicho cha nne watu hukisahau, na bila hicho hutajua kama aliyefanya kazi ni jiwe au ni jani. Kama ndugu wa Malaba anaweza kukupatia kilo chache za Minjingu, ongeza cha tano. Panda soya msimu huu na mahindi msimu wa Machi, upime mavuno ya kila kipande kwa mizani ile ile, na usihukumu kabla ya misimu minne.

Pembejeo Malaba

Kilo tano za Minjingu nitamtengea, nauli juu yangu, ila na mimi nipewe hesabu ya mavuno. Na vigingi vya kugawanya vipande, ndugu yangu, usitumie mabua wala miti laini. Misimu minne ni miaka miwili, na mchwa wa huko nawafahamu.